WAKILI NA MSOMAJI: Tulishinda kesi Arusha, mbona ardhi bado hatuna?

SWALI: Habari yako wakili. Mimi ni kijana wa Ogiek, jamii ya wawindaji na warina asali, nimezaliwa pembeni mwa msitu wa Mau hapa Kenya. Siku ile ya Mei 2017 hukumu ya kesi yetu dhidi ya serikali ya Kenya ikisomwa Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, babu yangu alikuwa ameweka redio kwa sikio, akalia machozi, akatuambia sasa mtarudi nyumbani. Amekufa bila kuona hata kigingi kimoja kikipigwa chini. Juzi nimeenda ofisi fulani kuuliza hatimiliki yetu imefika wapi nikaambiwa faili iko kwa jopokazi la serikali, nikauliza hilo jopokazi nalipata wapi, nikaambiwa ooh hilo lilishamaliza kazi. Mizinga ya babu bado iko juu ya miti, mingine ina nyuki mpaka leo, lakini nikienda kurina asali naingia kama mwizi. Sasa nauliza, tulishinda nini? Na haya mazungumzo na serikali tunaambiwa kila mwaka yapo, yamekwama wapi? — Msomaji, Nakuru

JIBU: Pole sana mdogo wangu, na pole kwa kumpoteza mzee. Barua yako nimeirudia mara tatu na kila mara nakwama hapo kwa mizinga, manake hiyo mizinga ndiyo kesi yenyewe. Kuna watu wanadhani Ogiek walienda kortini kuomba mashamba kama maskwota. Hapana. Walienda kusema kila ukoo una sehemu yake mle msituni, inaanzia mto huu inapanda mpaka kilima kile, na ukiona mzinga juu ya mti unajua ni wa nani na uko kwa nani, na hayo yote yalikuwepo kabla mkoloni hajaja kusema msitu ni mali ya serikali.

Na mkoloni alijua. Ile Tume ya Carter ya 1932 na 1933, tume ya mkoloni kuhusu ardhi ya Kenya, ilipendekeza hao iliowaita Wadorobo, Ogiek wakiwemo, wapelekwe kwenye maeneo ya majirani zao wakamezwe huko, yaani wasiwe na eneo lao kabisa. Uhuru ukaja, wazo likabaki lilelile. Ndio maana Oktoba 2009 Shirika la Misitu la Kenya lilipotoa notisi ya siku 30 watu watoke Mau, wazee wenu hawakushangaa, walichofanya safari hii ni kupeleka malalamiko kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na tume ikaona jambo ni zito ikaifikisha mbele ya Mahakama ya Afrika mwaka 2012.

Sasa mlishinda nini. Tarehe 26 Mei 2017 mahakama ilisema Kenya imevunja vifungu saba vya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, kuanzia haki ya ardhi, dini, utamaduni mpaka maendeleo. Serikali ilijitetea kwamba inalinda msitu juu ndio chanzo cha maji, na mahakama ikajibu hakuna ushahidi kwamba Ogiek ndio walioumaliza, na kuhifadhi msitu si sababu ya kuwatoa. Hiyo sentensi ishike vizuri, manake kila mtu akitaka kuwafukuza anaanza na maji. Mimi pia nayataka maji ya Mau, nusu ya mito tunayoijua inatoka huko, lakini mtu anayetundika mzinga anahitaji mti usimame, miti ikianguka yeye ndiye wa kwanza kulala njaa.

Kisha Juni 23, 2022 ikaja hukumu ya fidia: shilingi za Kenya milioni 57.85 kwa hasara ya mali, milioni 100 kwa machungu mliyopitia, jumla milioni 157.85, ziingie kwenye mfuko wa maendeleo wa jamii. Lakini kubwa kuliko pesa ni kwamba serikali iliagizwa ndani ya miaka miwili ipime ardhi ya mababu zenu, iweke mipaka na iwape hati ya pamoja, na ifanye hivyo kwa kushauriana na nyinyi wenyewe. Miaka miwili hiyo iliisha 2024. Na katikati hapo, Novemba 2023, familia za Ogiek zilibomolewa nyumba kule Sasimwani upande wa Narok, watu kama 700, kipindi cha mvua, watoto wakalala nje. Yaani hukumu iko mezani na nyumba zinachomwa. Hili mimi siwezi kulizungumzia kwa upole.

Unauliza mazungumzo yamekwama wapi. Nikueleze vile naona mimi. Mara ya kwanza yalikwama kabla hata ya hukumu, kesi ilisikizwa Novemba 2014, halafu mahakama yenyewe ikawapa pande zote nafasi wakae wakubaliane, haikuwezekana, ndio ikabidi ihukumu. Baada ya hukumu serikali ikaunda jopokazi la 2017, muda ukapita, ikaunda lingine 2018, na ndani ya hayo majopokazi hakukuwa na Mogiek hata mmoja anayewakilisha jamii. Ripoti haikuwekwa wazi. Sasa nikuulize na wewe, hayo ni mazungumzo? Watu wakikaa chumba kimoja wakakujadili wewe uko nje kwa baridi, huko si kuzungumza na wewe. Kwa hiyo mtu akikwambia faili iko kwa jopokazi usitoke na hilo jibu, dai liandikwe kwa barua na tarehe, wewe ubaki na nakala yenye muhuri.

Kwenye mkwamo huu kuna kitu hakisemwi sana, nacho ni kwamba ndani ya ardhi yenu kuna watu wengine wenye hati, leseni na makubaliano ya kukodi. Mahakama ililiona hilo. Ilisema serikali ianzishe mazungumzo kati yenu na hao wengine muone kama wanaweza kuendelea kwa kuwalipa kodi au kugawana faida, na ikishindikana serikali iwafidie hao na ardhi irudi kwenu. Soma hapo polepole. Anayefaa kulipia kosa la hati zilizotolewa ni aliyezitoa, si jirani yako aliyenunua kwa nia njema. Nakuomba hilo uliseme kwenye baraza kila siku, juu uchaguzi ukikaribia kuna watu watawaambia majirani kwamba Ogiek wanakuja kuwafukuza, na damu ishawahi kumwagika huku kwetu kwa maneno mepesi kuliko hayo.

Cha kufanya sasa, wakati wenye madaraka wanakokota miguu. Wazee waliobaki tembeeni nao msituni na simu, kila mto, kila mwamba, kila mti wa mzinga mkipiga pointi za GPS na kurekodi sauti ya mzee akisema huu ni mpaka wa ukoo fulani. Babu yako ameondoka na ramani yake, wako wengine. Katiba ya 2010 kifungu cha 63 inasema wazi kwamba ardhi ya mababu wa jamii za wawindaji na wakusanyaji wa chakula cha porini ni ardhi ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaeleza namna ya kuisajili, lakini afisa akija atauliza mipaka iko wapi, na hapo hamtakiwi kuanza kukuna vichwa. Pili, mkiitwa kwenye kikao chagueni wenyewe wa kuwakilisha, kina mama wawemo, na msisaini kitu siku hiyohiyo. Tatu, mtu akija na vipande vya ekari tano tano kwa jina la mtu mmojammoja mjue mahakama ilisema hati ya pamoja. Kipande cha mtu mmoja kinauzwa kwa karo ya muhula mmoja kikaenda.

SWALI: Mimi niko Manyara, Tanzania. Hiyo mahakama iko Arusha hapa kwetu, je na sisi wafugaji tunaweza kwenda moja kwa moja? — Msomaji, Simanjiro

JIBU: Kwa sasa hapana, dada. Mlango wa wananchi kwenda wenyewe hufunguka tu nchi ikitoa tamko la kukubali, na Tanzania ililiondoa lake Novemba 2019. Kenya haikuwahi kulitoa, na ndio sababu Ogiek walipitia kwanza kwa Tume ya Afrika kule Banjul, Gambia. Njia hiyo ya Tume kwenu bado iko wazi, ila kwanza mpite mahakama za nyumbani. Na kabla ya kesi ulizieni Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, nao ni jamii ya wawindaji, wako mkoa wenu huohuo, walipata hati ya kimila ya pamoja mwaka 2011 kwa kuanzia ofisi ya kijiji.