Rudia nomino bila aibu: kwa wanaoanza kuandika ripoti kwa Kiingereza

Ninyi mnaoanza kazi katika ofisi za hapa Kisumu, msamiati mnao. Rasimu zenu huniumiza kichwa kwa vijineno vidogo: "it", "this", "his", "the same".

Ngeli zimetudekeza. Ukisema "lori liligonga mlingoti likaanguka", hakuna wa kuuliza kilichoanguka ni nini. Ukisema "ukaanguka", tunajua stima imepotea. Sasa andika "The lorry hit the pole and it fell", kisha umtumie mkubwa aliye Nairobi ambaye hajui hata Ahero iko upande gani. Atume fundi wa umeme au gari la kuvuta lori? Andika "and the pole fell", yaishe. Najua shuleni tulikatwa alama kwa kurudia maneno, lakini hiyo ilikuwa insha. Fungua Katiba ya 2010, Kifungu cha 137, kuhusu anayefaa kuwania urais: "a person qualifies... if the person". Hata mawakili waliamua kurudia.

Ndiyo maana "this" ikisimama peke yake huwa naizungushia kalamu. "Fees went up and parents protested at the gate. This worried the board." Bodi ilihofia nini, karo au maandamano? Andika "This protest" na hakuna atakayekupigia simu.

"The same" nayo ni ugonjwa wa ofisi zetu. "Find attached the invoice and the report and kindly approve the same." Mhasibu ataidhinisha ipi? Kikiwa kitu kimoja, "it" inatosha. Vikiwa viwili na unavitaka vyote, "both". Lakini "do so" msiiogope, inabeba kitenzi vizuri: "The county promised to repair the borehole but has not done so."

Halafu kuna "his husband". Kiswahili, Dholuo na Kiluhya havitofautishi mwanamke na mwanamume katika nafsi ya tatu, na "wake" yetu hufuata kinachomilikiwa. Kiingereza humfuata mwenye mali: mama akija na mumewe, ni "her husband". Kompyuta mara nyingi itaipitisha "his" kwa kuwa tahajia ni sawa, kwa hiyo tafuta kila "his" na "her" kwenye rasimu na uulize mwenyewe ni nani.

Usipojua kama ni mwanamke au mwanamume, "Each farmer should bring their ID" ni sawa. Mwongozo wa uandishi wa APA (chama cha wanasaikolojia cha Marekani), toleo la 7 la mwaka 2019, unaikubali. Mkubwa wako akiikata, usibishane, geuza wingi: "Farmers should bring their IDs."

"Former" na "latter" ziacheni. Zinamrudisha msomaji nyuma kutafuta, na vitu ulivyotaja vikiwa vitatu hazifai kabisa.

Mwisho ni "myself", ambayo wengi huidhani ina heshima kuliko "me". "Myself and the driver visited Nyakach" iwe "The driver and I visited Nyakach". Na picha je, zitumwe kwa "the driver and I" au "the driver and me"? Mshushe dereva kwenye sentensi kwanza. Hungeandika "send the photos to I".