Je, Kila Jina la Ubatizo Lina Mtakatifu Somo?

Swali: Binti yetu tumempa jina la Brenda, na mdogo wangu anataka mwanawe abatizwe kwa jina la Kizito pekee. Katekista anasema Brenda hawezi kubatizwa kwa jina lisilo na mtakatifu, na Kizito sharti aongezewe jina la Kizungu. Je, ni kweli? Na Kevin, Deogratias na Moses, walio humu nyumbani, wana watakatifu somo, yaani watakatifu wenye majina hayo? (Msomaji, Tororo)

Jibu: Ndugu msomaji, katekista wenu amepatia katika jambo moja tu: Brenda hayumo katika Martirolojia ya Kirumi, ambayo ndiyo orodha rasmi ya watakatifu na wenye heri wa Kanisa. Wapo wanaolihusisha jina hilo na Brendan, abati (mkuu wa monasteri) wa Ireland wa karne ya 6, lakini kwa maoni yangu majina hayo yamekaribiana kwa sauti tu. Hata hivyo, hilo halimzuii mtoto kubatizwa. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, katika kanuni ya 761, ilimtaka paroko ahakikishe kwamba mtoto anapewa jina la Kikristo, na asipofanikiwa kuwashawishi wazazi, aongeze jina la mtakatifu na kuandika yote mawili katika kitabu cha ubatizo. Sheria ya mwaka 1983 iliyochukua nafasi yake, katika kanuni ya 855, inawataka wazazi, wasimamizi na paroko waangalie tu lisitolewe jina lisilopatana na moyo wa Kikristo, na Brenda si jina la namna hiyo.

Kuhusu Kizito, sharti mliloambiwa halina msingi hata kidogo. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886, huko Munyonyo, Karoli Lwanga aliwabatiza wakatekumeni (waliokuwa wakijiandaa kwa ubatizo) wa ikulu ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, wakiwemo Kizito, Mbaga Tuzinde, Gyavira na Mugagga, na wanne hao wanaheshimiwa kwa majina yao ya Kiganda tangu Papa Paulo VI alipowatangaza mashahidi 22 wa Uganda kuwa watakatifu, tarehe 18 Oktoba 1964. Ikiwa shahidi mwenyewe anaitwa Mtakatifu Kizito bila nyongeza, sioni mtoto wa Tororo adaiwe nyongeza ya nini. Tofauti ipo kwa Daudi Okelo na Jildo Irwa, makatekista wa Paimol, kaskazini mwa Uganda, waliouawa mwaka 1918: hao walitangazwa wenye heri, daraja lililo chini ya utakatifu, mwaka 2002, na bado hawajatangazwa watakatifu, ingawa hakuna kinachomzuia mzazi kumpa mtoto jina lao.

Kevin ni abati wa Glendalough, Ireland, na sikukuu yake ni tarehe 3 Juni, siku ambayo sisi sote macho yetu yako Namugongo, kwenye hija ya mashahidi wa Uganda. Iwapo Kevin wenu ni mwanamke, huenda aliyempa jina hilo alimkusudia Mama Kevin, mtawa Mfransisko aliyefika Uganda mwaka 1903. Huyo ana cheo cha Mtumishi wa Mungu tu, ambacho ni hatua ya mwanzo katika safari ya kutangazwa mtakatifu. Deogratias alikuwa askofu wa Karthago katika karne ya 5, aliyeuza vyombo vya dhahabu na fedha vya kanisa ili awakomboe mateka walioletwa kutoka Roma. Moses ni Musa nabii, anayekumbukwa tarehe 4 Septemba.

Mkipenda Brenda awe na somo, mwongezeeni jina la pili kwa hiari yenu, na mfanye hivyo kabla ya paroko kuandika kitabuni, kwa kuwa cheti cha ubatizo hutolewa kwa kufuata yaliyoandikwa humo.