Simu za saa nane usiku, bodi isiyosikia, na mwalimu aliyegeuka msaidizi

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa watu waliopandishwa kutoka ufundi kwenda uongozi katika vitengo vya TEHAMA, Unguja na Pemba. Tumezifupisha, na majina ya waajiri tumeyaondoa.

Assalaam alaykum. Nimekuwa fundi wa TEHAMA kwenye hoteli za ukanda wa Nungwi kwa miaka minane. Mwaka jana nimefanywa mkuu wa kitengo: hoteli tatu, mafundi watano. Mapokezi wakikwama bado wananipigia mimi, hata saa nane usiku. Nikiwaachia mafundi, kazi inachelewa na meneja mkuu anakuja juu. Mpango wa miaka mitatu alioniagiza sijauandika hata ukurasa. — Mkuu wa TEHAMA, Nungwi

Waalaykum salaam. Umepandishwa kwa sababu ya wepesi wa mkono wako, na wepesi huohuo sasa unakufunga. Kila ukimaliza tatizo la mapokezi kwa dakika kumi, unawazoesha kukupigia wewe kesho yake.

Kwa wiki mbili andika kila simu inayokufikia: saa, hoteli, kilichokwama, fundi aliyestahili kukitatua, na kwa nini hakukitatua. Hilo la mwisho ndilo la kulisoma sana. Mara nyingi sababu hazizidi nne: fundi hana ruhusa ya kuingia kwenye mfumo, hajui hatua, anaogopa kulaumiwa, au mpigaji hakumtafuta kabisa. Kila moja ina dawa yake, na wakuu wengi hukosea kwa kuzitibu zote kwa semina.

Ruhusa ni jambo la siku moja. Kila fundi awe na akaunti yake yenye jina lake, si neno la siri lako linalozunguka kwa WhatsApp. Neno la siri la msimamizi mkuu liwekwe kwenye programu ya kuhifadhia maneno ya siri, na nakala yake itiwe ndani ya bahasha iliyofungwa kwenye sefu ya mhasibu, na atakayeifungua atie saini na saa.

Hatua ziandikwe, ukurasa mmoja kwa kila hitilafu, kwa zile kumi zinazojirudia zaidi: printa ya mapokezi, kadi za milango, mashine ya kadi za benki, waifai ya wageni, mfumo wa vyumba na kadhalika. Usiziandike wewe. Aandike fundi, kisha ukurasa upewe fundi mwengine aufuate bila kuuliza. Anapokwama ndipo pana pengo. Kila ukurasa useme dalili, kitu cha kwanza kukagua, hatua zenyewe, na muda wa kujaribu kabla ya kumwita wa juu yake. Dakika 20 zinatosha kwa mambo mengi.

Halafu zamu. Mafundi watano maana yake kila mmoja anashika wiki moja kati ya tano. Simu ya zamu iwe moja, ikabidhiwe kutoka mkono kwa mkono, na namba yake ndiyo ibandikwe mapokezi. Yako ing'olewe ukutani. Wa pili kupigiwa awe fundi wa akiba, wewe uwe wa tatu. Patana na ofisi ya utumishi kuhusu posho ya usiku kabla ya kuanza. Zamu isiyo na posho haivuki mwezi wa pili. Na nini hasa ni dharura? Kaa na meneja mkuu mkiandike: mgeni hawezi kuingia chumbani, hawezi kulipa, au mfumo wa vyumba umezima. Printa ya ofisi ya manunuzi itangoja asubuhi.

Linaloharibu mpango huu ni wiki ya tatu. Fundi anatumia dakika 50 kwa kazi unayoimaliza kwa kumi, meneja anakutazama, nawe mikono inakuwasha. Ukimnyang'anya kibodi siku hiyo, umerudi ulikoanzia, tena vibaya zaidi, maana sasa fundi ana ushahidi kwamba humuamini. Mwambie meneja mapema kwamba kwa wiki sita muda wa kutatua utapanda kabla ya kushuka, na umwombe hizo wiki sita kwa maandishi. Anza wakati wa masika, Aprili na Mei, wageni wakiwa wachache. Usianze Julai. Na kuanzia tarehe 15 Disemba hadi 5 Januari usibadilishe mfumo wowote isipokuwa kuziba hitilafu.

Unapomkabidhi mtu jambo, sema unampa kiasi gani cha uamuzi. "Chunguza uniletee habari" ni kazi moja. "Niletee pendekezo" ni nyengine. "Amua kisha uniambie" ni ya tatu. "Amua, huna haja ya kuniambia" ni ya nne. Ugomvi mwingi kati ya mkuu na fundi hauna ubaya wa moyo ndani yake: mmoja alikusudia ya pili, mwengine akasikia ya nne.

Mpango wa miaka mitatu hauhitaji kurasa 40. Nne zinatosha: vifaa mlivyonavyo na umri wake, leseni na mikataba inayokwisha na tarehe zake, mambo matatu ambayo mwenye hoteli anayataka kibiashara, na gharama kwa kila mwaka. Tenga asubuhi mbili kwa wiki, simu ikae kwa fundi wa zamu.

Nasimamia mifumo ya kampuni ya kukatisha tiketi za boti hapa Mjini. Mara tatu nimeiomba bodi laini ya pili ya intaneti, mara tatu wamekataa. Nimewaonesha michoro yote ya mtandao. Mwaka jana tulizimika saa 36 za kazi. Mauzo ya mtandaoni ni kama shilingi 2,400,000 kwa saa. Laini ya pili ni 650,000 kwa mwezi, na vifaa 3,500,000. Nakosea wapi? — Malindi

Michoro ndiyo iliyokuangusha. Bodi inaamua juu ya fedha, muda na lawama. Mchoro wa ruta hauwaambii lolote katika hayo matatu.

Lakini usikimbilie kuzidisha 2,400,000 kwa 36 ukasema mmepoteza shilingi milioni 86.4. Mhasibu ataivunja hesabu hiyo kwa swali moja: abiria walikwenda wapi? Wengi walikuja kaunta wakakata tiketi huko. Chukua siku mbili za kuzimika, linganisha mauzo ya kaunta na siku za kawaida za wiki hiyohiyo, utajua ni kiasi gani kilirudi. Tuseme robo tatu zilirudi. Hasara ya kweli ni 600,000 kwa saa, yaani 21,600,000 kwa saa 36. Laini ya pili haitaziondoa zote, kwani nyengine zilikuwa za umeme au za mfumo wenyewe. Tuseme itaondoa saa 24. Hapo unaokoa 14,400,000 kwa mwaka, na gharama ya mwaka wa kwanza ni 11,300,000 pamoja na vifaa. Mwaka wa pili 7,800,000. Hesabu ndogo iliyosimama inapita kubwa inayoyumba. Ukishaonekana umejikata mwenyewe, mhasibu hana cha kukukata.

Ukurasa mmoja, basi. Juu kabisa uamuzi unaoutaka, chini yake hesabu hiyo, kisha njia tatu: kubaki kama mlivyo, laini ya pili ya bei nafuu ya simu za mkononi kwa ajili ya malipo tu, na laini kamili. Sema unapendekeza ipi. Mpelekee mhasibu siku kumi kabla ya kikao, aupinge faragha badala ya mezani. Na uangalie kalenda: kama mwaka wenu wa fedha unaanza Julai kama wa Serikali, ombi la Juni limechelewa, lipeleke Januari au Februari bajeti ikiwa bado udongo mbichi.

Wajumbe hupenda asilimia bila kuzihesabu. Waambie kwamba upatikanaji wa huduma wa asilimia 99 katika mwezi wa siku 30 unaruhusu kuzimika saa 7 na dakika 12. Asilimia 99.5 ni saa 3 na dakika 36. Asilimia 99.9 ni dakika 43. Waulize wanataka ipi, kisha uwape bei yake.

Kabla hujasaini, jiridhishe kwamba laini ya pili ni ya pili kweli. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom, yaani nyaya za chini ya bahari zinazoleta intaneti, ilipata hitilafu siku moja, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika. Waulize watoa huduma wote wawili, kwa maandishi: mnatoka nchini kwa mkongo gani, na waya wenu unaingia jengo letu kwa njia ipi? Kama zote zinapita nguzo moja nje ya mlango, lori moja linazikata zote mbili. Umeme nao uutie hesabuni. Wazee wa bodi wanaikumbuka Disemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilipokaa bila umeme wa gridi baada ya laini ya chini ya bahari kuharibika. Hawatahitaji maelezo marefu ukiwauliza mafuta ya jenereta yanatosha saa ngapi.

Nina miaka 31, mwanamke, naongoza timu ya watu saba Chake Chake. Mmoja wao ana miaka 54 na alinisomesha skuli. Kikaoni ananyamaza, kisha anakwenda kwa mkurugenzi kupindua nilichoamua. Namwonea haya kumwambia. — Pemba

Dada, kuna mambo mawili hapa na yamefungwa fundo moja. Heshima ya mwalimu wako haina mjadala: mwamkie kama ulivyokuwa ukimwamkia, muite Mwalimu, mpe kiti. Uamuzi wa kazi ni jengine, na kumstahi mtu hakukulazimishi kumwachia.

Anza na mkurugenzi, kwa sababu mlango unaopitiwa ni wake. Usimshitaki Mwalimu. Mwombe jambo moja tu: akija mtu wa timu yako na suala la timu, amuulize, "Umeshazungumza na mkuu wako, naye kasemaje?" kisha amrudishe. Asipokubali hilo, shida yako ni mkurugenzi, na hakuna namna ya kuzungumza na Mwalimu itakayoitibu.

Kisha mwendee Mwalimu peke yake, kabla ya kikao na si baada yake. Mpelekee uamuzi ukiwa bado haujafungwa: "Mwalimu, nataka tuhamishe nakala za akiba kutoka seva ya hapa. Wewe unaona hatari gani?" Anaponyamaza kikaoni huenda hapingi, huenda kwake ni vibaya kumkosoa mdogo wake mbele za watu, au kukosolewa naye. Atakachokwambia faragha kiseme kikaoni kwa jina lake. Mpe pia eneo lake kamili, lenye mwisho unaopimika, kwa mfano kujaribu kurejesha nakala za akiba kila robo mwaka na kuandika ripoti. Nakala isiyojaribiwa kurejeshwa haina dhamana, kwa hiyo si kazi ya kumpumbazia mtu mzima.

Baada ya kila kikao tuma mistari mitano: tulichoamua, nani atafanya, lini. Akiendelea kuzunguka baada ya miezi mitatu, zungumza naye waziwazi ukiwa na tarehe na mifano miwili, si kumi. Wanawake wengi walio kwenye nafasi yako hungoja mpaka wajae, kisha husema yote siku moja, na huo ndio wakati wanaposemwa kuwa wana hasira. Sema mapema, ungali mtulivu.

Nipo taasisi ya umma, nataka kufika ukurugenzi wa TEHAMA. Nisome shahada ya uzamili au nichukue vyeti? — Mazizini

Chukua tangazo la kazi hiyo lililopita, katika taasisi yako au ya jirani, usome masharti. Kama shahada ya uzamili imeandikwa, mjadala umekwisha. Kama haikuandikwa, angalia usichonacho. Tawi la IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, hapa Unguja, lililoanza mwaka 2023, lina uzamili wa sayansi ya data na akili bandia. Ni elimu nzuri, lakini itakufanya mtaalamu zaidi, na utaalamu huenda si upungufu wako. PMP, cheti cha usimamizi wa miradi, inamtaka mwenye shahada awe na miezi 36 ya kuongoza miradi na saa 35 za mafunzo, hivyo anza kuandika miradi yako sasa, tarehe na majukumu. CISM, cheti cha usimamizi wa usalama wa taarifa, inadai miaka mitano ya kazi ya usalama wa taarifa. Ambacho wagombea wengi wa ukurugenzi hawana ni kusoma bajeti na sheria ya manunuzi. Omba ukae kwenye kamati ya zabuni mwaka mmoja, haina ada.

Tuna kampuni ndogo ya programu Fumba. Kila nikimfundisha kijana, anachukuliwa na kampuni ya nje inayolipa kwa dola akiwa nyumbani kwake. Nimzuieje?

Humzuii. Panga kwamba atakaa miaka miwili, na uyafanye mapatano kuwa wazi: nini atajifunza, kazi gani itabeba jina lake, mshahara utapanda lini na kwa kiasi gani. Wengi huondoka si kwa dola peke yake, ila kwa sababu hawaoni cheo kinachofuata. Kampuni ya watu tisa iwe na ngazi tatu zilizoandikwa, hata kama ya juu bado haina mtu.

Kazi yako kubwa ni kuhakikisha hakuna kitu kinachojulikana na mtu mmoja. Andika orodha ya mifumo yote, na mbele ya kila mmoja majina ya wanaoweza kuuendesha. Penye jina moja, mweke wa pili mwezi huu. Akileta barua ya kuondoka, wiki ya kwanza ya notisi asiandike programu mpya: akabidhi, huku mrithi ndiye anayeshika kibodi. Siku ya mwisho funga akaunti zake na ubadilishe maneno ya siri aliyoyashirikiana na wenzake. Kagua pia jina la tovuti yenu, akaunti ya seva za kukodi na ile ya kupandishia programu za simu zimesajiliwa kwa barua pepe ya nani. Kama ni yake binafsi, zihamishe angali mezani kwako.