Swali la lugha: "Mfano wa mnyama" na "maambukizi ya pamoja"

Swali: Ninafanya kazi maabara, Entebbe. Nimepewa makala nitafsiri kwa Kiswahili, kuhusu wanyama wanaotumiwa kuchunguza mtu mwenye VVU na HTLV-1 (virusi vingine vinavyoambukiza seli za kinga za binadamu) kwa wakati mmoja. Mwenzangu ameandika: "Nyani ni mfano wa mnyama wa maambukizi ya pamoja ya virusi viwili." Ni sahihi?

Jibu: Sarufi imesimama, maana imelala.

"Mfano wa mnyama" kwa msomaji wa kawaida ni mbuzi, au sanamu ya udongo. Andika "mnyama kielelezo". Usikimbilie "mnyama wa majaribio" pia, maana huyo ni yeyote aliyemo maabara. Kielelezo ni yule ambaye ugonjwa ndani yake unafuata njia inayofanana na ya binadamu. Panya wa kawaida haambukizwi VVU mpaka apandikizwe seli za kinga za binadamu, ndipo anapokuwa kielelezo. Sungura huambukizwa HTLV-1 bila matayarisho hayo.

"Maambukizi ya pamoja" yanateleza. Ukiyasikia kijijini utadhani wameugua watu wengi kwa mkupuo. Wengine husema "maambukizi pacha", lakini pacha huzaliwa pamoja, na virusi hivi vinaweza kuingia mwilini kwa kupishana miaka. Mimi ningetumia kitenzi: "aliyeambukizwa virusi vya aina mbili". Zingatia "vya aina mbili". "Virusi viwili" ni chembe mbili tu, na hakuna mgonjwa mwenye chembe mbili! (Umoja wake ni kirusi, ingawa Warusi nao wanakidai.)

Kosa kubwa kuliko yote ni "nyani". Mganda akisoma hivyo atawaona wale wanaokaa kando ya barabara pale Karuma. Makala kama hizi kwa kawaida huzungumzia makaki, kima wa Asia ambaye misituni kwetu hayupo. Tofauti hiyo si ya jina tu. Tumbili wetu wa Afrika huishi na SIV, ndugu wa VVU, mara nyingi bila kuugua, lakini makaki akiipata kinga yake huporomoka kama ya mgonjwa wa UKIMWI. Makaki huwa pia na STLV-1, ndugu wa HTLV-1. Ukimwita nyani, umemtoa mnyama ambaye utafiti mzima unamtegemea.

Basi andika: "Makaki ni mnyama kielelezo wa kuchunguzia mtu aliyeambukizwa VVU na HTLV-1."