Maswali na majibu: ndege wa altareni, jicho la ukutani na samaki wa Kibirizi

Mbele ya altare yetu hapa Ujiji amechongwa ndege mkubwa anajidonoa kifua, makinda wake wako chini wamepanua midomo. Paroko aliyejua habari zake amehamishwa. Ni ndege gani? (Msomaji, Ujiji)

Ni mwari. Si mwari wa kuchezwa ngoma, ni yule ndege wa majini mwenye mfuko wa ngozi chini ya mdomo. Aliyefika Ziwa Rukwa anamfahamu. Wakristo wa kale walisimuliana kwamba makinda wake wakifa, mwari hujitoboa kifua, damu ikawadondokea, na siku ya tatu wakafufuka. Ukishasikia damu na siku ya tatu, huhitaji katekista akumalizie. Katika karne ya 13, Thomaso wa Akwino alimwita Yesu "mwari mwema" kwenye utenzi wake wa Ekaristi, na ndiyo maana ndege huyu anapenda kukaa karibu na altare au kwenye mlango wa tabernakulo, kile kisanduku cha kuhifadhia Ekaristi.

Mwari wa kweli hajitoboi. Huinamisha mdomo kifuani anapowalisha makinda samaki, na huenda hadithi ilizaliwa hapo. Mtazame wa kwenu kwa karibu: kama mdomo ni mfupi na umepinda kama wa tai, msimlaumu fundi. Wachongaji wengi wa Ulaya hawakuwahi kumwona mwari hata siku moja, na wa kwetu waliiga picha zao.

Juu ya ukuta kuna jicho ndani ya pembetatu. Kijana wangu anasema ni la Freemason na hataki tena kuingia kanisani. Nimjibu nini? (Mzazi, Kasulu)

Mwambie ahesabu pembe: Baba, Mwana, Roho Mtakatifu. Jicho ni la Mungu anayewaangalia wamchao, kama Zaburi ya 33 inavyosema. Makanisa ya Ulaya yalikuwa nalo tangu karne ya 17, ilhali chama kikuu cha kwanza cha Freemason kiliundwa London mwaka 1717. Wamarekani nao wakaliweka kwenye muhuri wa taifa lao mwaka 1782, na baadaye likaingia kwenye noti ya dola moja. Walioazima ni wao. Hizo video anazotumiwa usiku wa manane hazimwambii hilo. Na akishatulia, mpeleke akalitazame mchana, jua likiwa limelipiga. Usiku hata picha ya babu yako inatisha.

INRI na IHS zina tofauti gani?

INRI ni yale maandishi ya Pilato msalabani, kwa Kilatini: Yesu Mnazareti, Mfalme wa Wayahudi. IHS ni herufi tatu za kwanza za jina Yesu kwa Kigiriki. Hiyo H si H yetu, ni E ndefu ya Kigiriki.

Kitambaa chetu cha altare kimedariziwa samaki. Ni kwa sababu sisi ni watu wa ziwa? (Kibirizi)

Hapana, hata Dodoma utamkuta. Samaki kwa Kigiriki ni *ikhthus*, na kila herufi ya neno hilo inaanza neno jingine. Ukiyaunganisha unapata "Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, Mwokozi". Wakristo wa Rumi walimchora kwenye makaburi yao ya chini ya ardhi.

Ila picha ya kitambaa mliyonitumia nimeiangalia mara mbili. Samaki wenu ni mrefu, mwembamba, uzi wa fedha mgongoni hadi mkiani. Huyo ni mgebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika lenu! Nasikia kuna wazee wanataka afumuliwe ashonwe wa "kanisani". Msikubali.

Wamoravian hapa Tabora wana mwanakondoo mwenye bendera. Kondoo na bendera wapi na wapi?

Ni yule wa Ufunuo sura ya 5, aliyechinjwa lakini amesimama. Bendera ni ya ushindi wa Pasaka. Tazama mguu wa mbele, ndio unaoshikilia mti wa bendera. Wamoravian wanazungushia maneno yao: Mwanakondoo wetu ameshinda, tumfuate. Makanisa ya Kikatoliki pia yanamchora, bila maneno hayo.

Kwa nini watakatifu wengine wameshika jani la mchikichi? (Msomaji, Mwanga, Kigoma)

Ni la mtende, ingawa hapa Kigoma Jumapili ya Matawi tunabeba makuti ya michikichi na hajalalamika mtu. Jani hilo linasema: huyu aliuawa kwa ajili ya imani. Utaliona mikononi mwa Mashahidi wa Uganda, wale 22 waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo wa Sita mwaka 1964. Halafu angalia mkono wa pili, ndipo utajua ni nani. Laurenti ana wavu wa chuma wa kuchomea nyama, Katarina wa Aleksandria ana gurudumu, na Lusia ameshika sahani yenye macho mawili. Binti yangu alipokuwa na miaka mitano alidhani ni mayai ya kukaanga, akaniuliza kwa nini mtakatifu hali.