Mitambo ya upepo: mbona usiku ndio inasikika?

SWALI: Habari za kazi. Huku kwetu wamekuja watu kupima upepo, wanataka kuweka mitambo ya stima, mmoja utakuwa kama mita 400 kutoka bomani. Mzee anasema ati ni kama feni tu. Mimi nilishawahi kusimama chini ya ile ya Ngong Hills nikasikia wush… wush… na hiyo ilikuwa mchana, sasa usiku itakuaje? Kwani haiwezi kupakwa grisi ikanyamaza? – Mama Baraka

JIBU: Grisi ni ya giaboksi, Mama Baraka, na hiyo siku hizi haisumbui sana, ukisikia mlio wa kusaga jua kuna kitu kimeharibika huko juu. Wush ni hewa. Ncha ya panga inakimbia mita 70 hadi 90 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 250 kwa saa, japo kwa mbali unaliona linazunguka kivivu tu, na hewa ikiachana na ukingo wake wa nyuma ndio inavuma.

Usiku sasa. Mchana upepo uko juu na chini, majani yanapiga kelele, pikipiki, watoto, huwezi kusikia. Jua likizama ardhi inapoa, huku chini panatulia kabisa lakini mita 80 juu upepo bado unakimbia, mtambo unaendelea na hakuna cha kuufunika, na kama boma liko upande upepo unakoelekea ndio mbaya zaidi. Kwa mita 400 tegemea desibeli (kipimo cha kelele) kama 35 hadi 45, ni kama friji, mzee hajakosea sana, ila sheria ya kelele ya Kenya ya 2009 inataka usiku nje ya nyumba za watu isizidi 35.

Dawa ziko. Kuna meno kama ya msumeno yanafungwa kwenye ukingo wa panga. Kuna kupunguza spidi usiku, wenye mitambo hawapendi maana stima inapungua, lakini inafanya kazi: kule Boone, Marekani, mwaka 1979 mtambo wa NASA, lile shirika lao la anga, ulikuwa na mapanga nyuma ya mnara, kila panga likipita linapiga du! hadi madirisha ya watu yanatetemeka, wakaushusha kutoka mizunguko 35 kwa dakika hadi 23. Siku hizi mapanga yanakaa mbele.

Lakini dawa kubwa ni umbali na huo hauongezwi mnara ukishasimama, kwa hiyo kwenye baraza waulize spidi ya usiku itakuwa ngapi, waandike, na mzee asitie sahihi kwanza.