Koti la Pikipiki: Joto na Kinga

SWALI: Mhariri, mimi ni mwendeshaji wa bodaboda na huondoka Limuru kabla ya mapambazuko kuja Nairobi. Mwezi wa Julai baridi hunipenya kifuani, ingawa nina koti nene la mtumba kutoka Gikomba ambalo hulivaa kinyume, zipu ikiwa mgongoni. Je, ninunue la ngozi au la kitambaa, na litanikinga nikianguka?

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa baridi hiyo. Unene wa koti si kinga. Koti la kawaida la baridi hushonwa kwa ajili ya mtu anayetembea, na kitambaa chake chepesi cha nailoni kikiburuzwa kwenye lami huchanika upesi, tena msuguano huweza kukiyeyusha kikaganda mwilini. Hiyo desturi ya kulivaa kinyume, ambayo naiona kila asubuhi na hunitia wasiwasi, huzuia upepo kweli. Lakini siku utakapopata koti lenye pedi, usilivae hivyo, kwa maana pedi za viwiko zitahamia kwenye mkunjo wa mkono na kukuacha bila kinga.

Kwa safari yako ningechagua kitambaa kigumu cha pikipiki. Ngozi nzuri hustahimili mburuzo kuliko vitambaa vingi, ila ikilowa mvua ya masika huwa nzito na hukawia kukauka. Tafuta koti lenye bitana ya kutoa, ili alfajiri uivae na adhuhuri uikunje mkobani, na lenye kola na vifundo vya mikono vinavyofungika barabara, maana upepo huingilia hapo.

Ndani yake tazama lebo. Kiwango cha Ulaya cha EN 17092 hupanga mavazi haya kwa herufi: AAA ndiyo daraja la juu, kisha AA, halafu A. Pedi za mabega na viwiko hupimwa kwa EN 1621-1, na zenye namba 2 hupunguza pigo zaidi ya zenye namba 1.

Usilipe kabla ya kuketi juu ya pikipiki ukiwa umelivaa, mikono ikiwa kwenye usukani. Shika pedi ya kiwiko uisukume: ikiteleza kandoni, koti ni kubwa mno kwako, hata likiwa rahisi namna gani. Likiwa halina viakisi mwanga, livalie fulana yenye viakisi juu yake, kwani sheria ya Kenya inamtaka mwendeshaji awe navyo pamoja na helmeti.